Jina la Kubandikwa: Hoja juu ya Yusef Lateef na Heshima ya Mwanamuziki

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao wamo katika kazi hii tukufu ya ualimu, ambao wakisikia kwamba mtoto wa shule anapenda kupuliza saksofoni husikitika kana kwamba wamepata habari za msiba. Kwao ala hiyo, ambayo watu wa mitaani waliipa jina la mdomo wa bata, ni chombo cha ukumbini, cha usiku na chupa. Na anayeipuliza ni mtumbuizaji tu, mtu wa kuwafurahisha wengine waliokwisha kufanya kazi ya maana mchana kutwa. Hesabu ni elimu, jiografia ni elimu, sarufi ni elimu; muziki ni mapumziko. Rai hii nimeisikia katika vikao, na mara nyingine imetoka vinywani mwa washairi wenzangu, watu ambao ingewapasa kuona haya, maana ushairi na muziki walinyonya titi moja. Nakusudia kuipinga. Wala sitaipinga kwa maneno matupu, bali kwa maisha ya mtu mmoja, Mmarekani Mweusi, aliyepuliza mdomo wa bata kwa zaidi ya miaka sabini, na ambaye katika umri huo huo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwandishi wa vitabu, na mtafiti katika ardhi ya Afrika. Jina lake ni Yusef Lateef.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1920 katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, akaitwa William Emanuel Huddleston. Mwaka 1925 jamaa zake walikuwa wamehamia Detroit, kama walivyofanya maelfu ya Weusi wa Kusini waliokimbia dhuluma na ufukara wa mashamba ya pamba, wakifuata mshahara wa viwanda vya motokaa. Baba yake akalibadili jina la ukoo likawa Evans. Kijana akasoma katika shule ya sekondari ya Miller, shule ya serikali iliyokuwa katika mtaa wa watu Weusi. Hapo ndipo ninapomwomba mwalimu asimame kidogo. Shule hiyo haikuwa ya matajiri, lakini ilikuwa na mwalimu wa muziki, ilikuwa na bendi, na muziki ulikuwa kipindi kama vipindi vingine. Ndiyo iliyomtoa Lateef, na ndiyo iliyomtoa Milt Jackson, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa marimba ya chuma duniani. Wanaosema kwamba wanamuziki huzaliwa katika vilabu vya pombe waitazame shule ile. Vilabu viliwapokea vijana wale wakiwa wamekwisha kufundishwa.

Mwaka 1946 alikwenda New York kupiga na bendi ya Lucky Millinder, na mwaka 1949 alikuwa katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie. Katika miaka hiyo ya mwisho ya 1940 akasilimu kwa njia ya jumuiya ya Ahmadiyya, akajiita Yusef Lateef. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa Yusufu ni nani, wala latifu ni mtu wa namna gani: ni mpole, mwenye huruma na ulaini wa tabia. Wale waliomjua walisema kwamba jina lilimkaa.

Tuyahesabu basi majina yake. La kwanza lilitoka katika historia ya watu wake, na sote twajua kwamba majina ya koo nyingi za Weusi wa Marekani yalitoka kwa mabwana waliowamiliki mababu zao. La pili lilichaguliwa na baba. La tatu alilichagua mwenyewe, kwa imani yake, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Mtu aliyepita katika majina matatu amekwisha kujua jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: kwamba jina laweza kuvuliwa kama kanzu, na kwamba anayekupa jina amekupa pia mahali pa kukaa.

Sasa nifike penye ugomvi. Yusef Lateef alikataa muziki wake kuitwa jazi. Hakukataa kwa hasira wala kwa makelele, kwani hiyo haikuwa tabia yake, lakini alikataa katika mahojiano mwaka baada ya mwaka mpaka uzeeni. Hoja yake ilikuwa rahisi. Alisema kwamba ukifungua kamusi ya Kiingereza ukalitafuta neno hilo, utalikuta limefungamana na upuuzi, na porojo, na mambo ya aibu yasiyosemwa mbele ya wakwe. Je, kazi ambayo mtu ameisomea usiku na mchana, ambayo ndani yake amezitia pumzi zake na sala zake, iitwe kwa neno la namna hiyo? Badala yake akaunda neno lake kwa kuunganisha vipande vya Kigiriki vyenye maana ya nafsi, na mwili, na roho. Na mwaka 1977 ikatoka sahani ya santuri yenye jina hilo, Autophysiopsychic. Sisi twaweza kusema kwa Kiswahili chetu: muziki utokao katika nafsi nzima, yaani mwili, akili na roho.

Walimcheka. Na mimi nikiri kwamba neno lenyewe ni mzigo wa punda wawili. Halikuwahi kushika midomoni mwa watu, na sidhani kama lilitarajiwa kushika. Lakini kucheka urefu wa neno ni kukwepa swali, na swali ni hili: ni nani mwenye haki ya kuiita kazi jina, ni yule aliyeifanya au ni yule aliyeiuza? Fundi seremala akitengeneza kitanda, halafu dalali akakiita kichanja, je, kitakuwa kichanja? Neno jazi lilienezwa na magazeti, na wenye kumbi, na makampuni ya sahani, mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati ambapo aliyeupiga muziki huo mara nyingi hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele wa ukumbi aliokuwa akiutumbuiza. Lateef aliyajua hayo.

Hapa msomaji mwerevu atanikamata. Atasema: Je, sahani zake mwenyewe za mwaka 1957 hazikuandikwa neno hilo hilo, moja Jazz Mood na nyingine Jazz for the Thinker? Ziliandikwa. Na je, mwaka 2010 hakuipokea heshima ya serikali ya Marekani iitwayo Jazz Master? Aliipokea. La kwanza nalijibu kwamba mtu hukomaa, na msimamo wa mtu wa miaka hamsini haudaiwi kuwapo alipokuwa na thelathini na sita. La pili nalijibu kwamba mzee wa miaka themanini na tisa, aliyekwisha kueleza mara mia kile anachokiamini, anaweza kuipokea heshima ya taifa lake bila kuchana karatasi iliyoandikiwa. Huo ni uungwana, na uungwana si kusalimu amri.

Atanikamata tena kwa upande wa kwetu. Atasema: Sisi je? Hatukuwa na Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya 1930? Hatukuwa na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz? Je, wazee wetu walijitukana? La hasha! Neno lilipovuka bahari lilikuja likiwa limevuliwa zile maana chafu. Kwetu lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na matarumbeta, na muziki uliopigwa ulikuwa na damu ya Kuba, ya Kongo na ya ngoma zetu zaidi kuliko ya Detroit. Hakuna aliyewabandika wazee wale jina hilo. Walilichukua wenyewe, wakalivaa kwa mtindo wao. Na yafaa tukumbuke safari ya bendi moja iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikiitwa Nuta Jazz. Chama kilipobadilika ikawa Juwata Jazz, kisha Ottu Jazz, na mwishoni ikajiita Msondo Ngoma. Waliolichukua neno kwa hiari waliliweka chini kwa hiari, wakaokota jina la ngoma ya babu zao. Lateef angeielewa safari hiyo pasipo mkalimani.

Lakini ubishi wa jina haungekuwa na uzito kama nyuma yake pasingekuwa na kazi. Mwaka 1950 Lateef alirudi Detroit. Alijiandikisha katika chuo kikuu cha Wayne State kusoma utunzi na filimbi, na kwa kuwa muziki haukumlisha yeye na jamaa yake, akafanya kazi katika kiwanda cha motokaa cha Chrysler. Kiwandani, masomoni, kisha jukwaani usiku: hiyo ndiyo ratiba ya mtu ambaye wengine wangemwita mvivu kwa kuwa amebeba kasha la saksofoni. Na kiwandani humo humo alipata somo ambalo chuo hakikumpa. Mfanyakazi mwenzake kutoka Shamu alimwambia habari za rababu, ala ya nyuzi ya Waarabu. Na katika sahani alizotoa mwaka 1957 rababu ikasikika, na pamoja nayo arghul, zumari ya matete mawili yaliyofungwa pamoja ipulizwayo Misri. Mwaka 1961, katika sahani iitwayo Eastern Sounds, akapuliza filimbi ya udongo ya Kichina yenye umbo la yai, na akapuliza oboi, ala ya Kizungu, kwa namna ambayo Wazungu wenyewe hawakuizoea.

Nami nataka kusema kitu juu ya oboi hiyo. Ni ala ya ulimi maradufu: vipande viwili vyembamba vinavyotetema vikigusana midomoni mwa mpulizaji. Jamaa yake wa India ni shehnai, ambayo Lateef aliipuliza pia. Na jamaa yao wote wawili yupo hapa kwetu, katika ngoma za pwani yetu: ni nzumari. Mpulizaji wa nzumari huyafanya mashavu yake ghala ya pumzi, akavuta hewa puani huku akiitoa mdomoni, sauti isikatike toka mwanzo wa wimbo hata mwisho. Ustadi huo wapulizaji wa saksofoni huutafuta kwa miaka. Mtu wa Detroit alisafiri kwa masikio yake mpaka Bara Hindi na Misri akitafuta ukoo wa ala hii. Mtoto wa shule ya Tanga au ya Mombasa anapita karibu nayo siku ya harusi, akiambiwa kwamba huo ni ushamba.

Kati ya mwaka 1962 na 1964 alikuwa katika kikundi cha Cannonball Adderley, akafika Ulaya na Ujapani, jina likavuma. Mtu mwingine angeridhika. Yeye akarudi darasani. Mwaka 1969 alipata shahada ya kwanza katika chuo cha muziki cha Manhattan, na mwaka 1970 shahada ya pili, zote katika elimu ya muziki, ilhali alikuwa amefikia umri wa kuwa baba wa wanafunzi wenzake. Mwaka 1975 chuo kikuu cha Massachusetts kilimpa shahada ya udaktari wa elimu. Tasnifu yake haikuhusu saksofoni hata kidogo: ililinganisha elimu ya nchi za Magharibi na elimu ya Kiislamu. Mimi niliishia sekondari, na sina desturi ya kuabudu vyeti. Siyataji haya ili kusema kwamba karatasi ndiyo iliyompa utu. Nayataja kwa sababu waliosema kwamba mpuliza ala hana akili ya darasani walijibiwa kwa lugha yao wenyewe.

La maana zaidi ni kwamba hakwenda peke yake. Katika miaka ya 1970 alikuwa akifundisha katika chuo kimoja cha umma mjini New York, akawasukuma wapigaji wa bendi yake nao wakajiandikishe masomoni. Mmoja wao, mpiga piano Kenny Barron, alipata shahada yake katika miaka hiyo na akafundisha katika chuo kikuu cha Rutgers kwa zaidi ya miaka ishirini. Kiongozi wa bendi anayewaambia wenzake wajisomeshe wakati wa mapumziko ya safari! Nawauliza wale wanaohofia kwamba bendi huharibu vijana: ni walezi wangapi wasio wanamuziki waliofanya hivyo?

Kisha kuna kitabu. Mwaka 1981 Lateef alichapisha mkusanyo wake wa ngazi za sauti na mifumo ya nyimbo. Kwa mwanafunzi asiyejua, ngazi ya sauti ni hivi: muziki wa Kizungu umeigawa safari kutoka sauti moja hadi mwenziwe wa juu katika hatua kumi na mbili, mtunzi huchagua baadhi ya hatua hizo, saba kwa kawaida, au tano kama zilivyo nyimbo nyingi za Afrika, na uchaguzi huo ndio unaoupa wimbo sura yake, kama vile mizani na vina viupavyo ubeti sura yake. Lateef alikusanya ngazi za mataifa mbalimbali, akaongeza alizozibuni mwenyewe, akaandika mamia ya mazoezi. Ndani ya kitabu hicho mna mchoro aliopewa na rafiki yake John Coltrane, mpulizaji mkubwa kuliko wote wa zama zake: duara lililopangwa sauti kwa namba na mistari, kama kazi ya mtu wa jometri. Hao ndio tunaoambiwa kwamba hupuliza tu linalowajia.

Kila nikikifikiria kitabu hicho, namkumbuka Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, baadaye waziri, aliyefariki mwaka 1964. Mwaka 1954 alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Amri Abedi naye alikuwa wa jumuiya ile ile ya Ahmadiyya. Hapa si mahali pa kubishana madhehebu, natazama kazi tu. Watu wawili, mmoja wa Ujiji na mwingine wa Detroit, waliikuta sanaa ya watu wao ikidharauliwa na shule za wakubwa, wakafanya jambo moja: waliziandika kanuni zake ili ziweze kufundishwa. Wapo waliomlaumu Amri kwamba sheria huua ushairi. Waliosema hivyo hawajawahi kusikia washairi wakijibizana papo kwa papo, kina kikitoka kwa huyu na kujibiwa na yule bila kalamu wala karatasi. Mpulizaji wa muziki wa akina Lateef hufanya vivyo hivyo: hupewa wimbo na mzunguko wake, kisha juu ya mzunguko huo hubuni wimbo mpya palepale mbele ya watu. Asiyezijua kanuni hawezi kuthubutu hilo. Atapotea kabla ya ubeti wa pili.

Na chupa je? Mwaka 1980 Lateef alitangaza kwamba hatapiga tena mahali panapouzwa pombe. Katika nchi ambamo vilabu ndivyo vilivyokuwa duka la mwanamuziki, huko kulikuwa kujifungia mlango wa riziki kwa mkono wake. Mwaka uliofuata alivuka bahari, akawa mtafiti katika kituo cha utamaduni cha chuo kikuu cha Ahmadu Bello, mjini Zaria, kaskazini ya Nigeria, akakaa huko hadi mwaka 1985, akifundisha na kuichunguza filimbi ya Wafulani. Wakoloni walituzoesha kuona mtafiti kutoka ng'ambo akija na daftari kuandika habari za ala ambazo hawezi kuzitoa hata mlio. Huyu alikuja kama mwanafunzi wa wachunga ng'ombe, naye alikuwa amekwisha kupata heshima yote ambayo ulimwengu ungeweza kumpa mpuliza filimbi.

Aliporudi Marekani alifundisha katika chuo kikuu cha Massachusetts mjini Amherst hadi mwaka 2002. Mwaka 1987 akatoa sahani ya utunzi wake wa simfoni ndogo, ala zote akizipiga mwenyewe. Mwaka 1988 ikapata tuzo ya Grammy, nao watoaji tuzo, kwa kutojua waiweke wapi, wakaitia katika kundi la muziki wa zama mpya. Jina jingine la kubandikwa! Mwaka 1993 akatunga kazi kubwa kwa ajili ya bendi na okestra ya redio ya mjini Köln, Ujerumani, iliyosimulia karne nne za watu Weusi wa Marekani. Alifariki tarehe 23 Desemba 2013, nyumbani kwake Shutesbury, akiwa na umri wa miaka tisini na mitatu.

Najua jibu ambalo wakuu wa shule wamekwisha kuniandalia: saksofoni ni ghali, hatuna fedha, na mtihani hauulizi muziki. La fedha ni kweli kwa saksofoni. Si kweli kwa mwanzi, wala kwa tete, wala kwa udongo wa mfinyanzi, na katika kasha la Lateef vyote hivyo vilikuwamo. Mwalimu wa fizikia anayefundisha mawimbi ya sauti akate mianzi miwili, mmoja nusu ya urefu wa mwingine, awape wanafunzi wapulize, wasikie kwamba ule mfupi unatoa sauti ile ile katika daraja la juu yake. Mwalimu wa historia anayefundisha biashara ya Bahari ya Hindi alifuate neno zumari mpaka Uarabuni, na ala yenyewe mpaka India. Na mzee mpuliza nzumari, kama yupo jirani na shule, aalikwe saa za vipindi, si jioni ya sherehe. Alipwe posho kama mgeni mwingine yeyote wa taaluma, na wanafunzi waagizwe kumwita mwalimu.